Mimba ya Unga

Mimi nilijifungua kwa mlango wa supermarket.

Saa tano asubuhi, jua limewaka, watu zaidi ya hamsini wakiangalia.

Nilijifungua unga. Pakiti nne za kilo mbili mbili.

Na kabla hujacheka, skiza. Hakuna hata pakiti moja niliyoiba. Zote nilikuwa nimelipia, na risiti zilikuwa kwa sidiria.

Naitwa Lenah. Jina la nyumbani ni Nanyama. Naishi Kongo, hapa Kawangware, na haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Nimekaa nayo karibu mwaka mzima. Leo nimechoka kukaa nayo.

Miaka kumi na moja nilifanya kazi kwa Zeinabu Stores.

Kama umeishi hizi sides unawajua. Yalikuwa maduka manne. Moja Makina kule Kibera, moja Olympic, moja Kongo, na moja Kawangware 46. Mwenyewe anaitwa Mama Zeinabu, Mnubi wa Makina. Alianza na meza ya mandazi nje ya nyumba yao. Mimi nilianza kwake kama mtu wa kufagia. Kufikia hii story naanza kukuambia, nilikuwa supervisor wa 46.

Huyo mama alikuwa anaonja mchele mbichi. Anatafuna punje mbili, anatema, anakuambia, "Huu ni wa mwaka juzi, rudisha."

Nilipojifungua mtoto wa pili, mtoto wa ukweli, alinilipa miezi mitatu nikiwa nyumbani. Hakuna sheria ilimlazimisha. Hata hatukuwa tumeandikiana.

Basi Januari Yellow wakaja.

Jina lao halisi sitaji, sitaki kesi. Sisi tuliwaita Yellow kwa sababu ya ukuta. Supermarket kubwa ya bei ya kutupa, matawi kila mahali, lori zao wenyewe. Walifungua hatua mia mbili kutoka kwetu. Siku ya kwanza kulikuwa na DJ na mikate ya bure.

Unga ambao sisi tulikuwa tunauziwa depo mia moja na arobaini, Yellow walikuwa wanauza mia moja ishirini na tano. Usiniulize wanatoa wapi. Nilijiuliza hadi nikachoka.

Wiki ya kwanza tukasema watu wanaenda kuangalia tu, watarudi.

Wiki ya tatu nikaanza kujua wateja wetu kwa migongo.

Mtu alikuwa mteja wangu miaka nane, sasa akifika karibu na duka letu anavuka barabara, anageuza shingo kama ameitwa na mtu. Mfuko wa njano ameufunika na leso. Si ati alituchukia. Aliona haya.

Na ungemlaumu? Huo mwaka kila kitu kilikuwa kimekauka. Payslip zilikatwa hadi zikabaki na jina tu. Mjengo zilisimama. Mume wangu Wanzala ni fundi wa mawe, alikaa miezi miwili bila kuitwa hata kubeba mchanga. Mwishowe akasema anaenda Webuye kuangalia kama kuna kibarua cha miwa.

Akaenda. Mwanzo alikuwa anapiga simu kila jioni. Halafu kila Jumapili. Halafu ikawa mteja hapatikani.

Nikabaki na watoto wawili, na caretaker wa plot anayebisha mlango kwa funguo.

Olympic ikafungwa. Kongo ikafungwa. Tukabaki watu tisa wa 46, mimi na wanawake wanane, na lile duka la kwanza la Makina. Mshahara ukawa nusu. Shelfu zetu zilikuwa na mapengo, tukawa tunapanga vitu mbele ili kuonekane kumejaa. Nyuma ya pakiti moja ya majani, hakuna kitu.

Siku moja akaingia mama mmoja jirani yangu, wa kufua nguo Lavington. Ameshika thirty bob mkononi.

"Lenah, niuzie unga ya hii."

"Si uende Yellow, mama? Huko ni rahisi."

"Rahisi kwa mwenye ako na ya pakiti mzima," akasema. "Hawapasui pakiti. Nimewaomba, soja wa mlangoni akanicheka."

Nikampimia kwa karatasi. Akatoka.

Nikasimama pale kama mtu amepigwa na stima. Huko kwa wenye plot za mabati nani ananunua kilo mbili kwa mkupuo? Watu wanapata ya leo, wanakula ya leo. Yellow walikuwa na bei, lakini hawakuwa na kadogo, kupimia mtu kulingana na pesa ya mkononi.

Mama Zeinabu alipokuja siku hiyo nikamwambia, Joan akiwa hapo. Joan alikuwa keshia wetu, na rafiki yangu wa karibu. Tuliajiriwa mwaka ule ule mmoja.

"Mama, tununue kwao."

"Kwa nani?"

"Kwa Yellow. Tununue unga wao, sukari yao, mafuta yao. Tupasue, tuuze kadogo. Depo tuachane nao."

 Akavua miwani, akaifuta na mtandio, akaivaa tena.

"Lenah binti yangu, hiyo ni kazi ya aibu. Kupanga foleni kwa mtu anayekumaliza?"

"Aibu nimeizoea, Mama. Njaa ndio sijaizoea."

Joan akacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia sana.

"Nikwambie kitu, Lenah..." akaanza.

Akamwangalia Joan pia.

"Basi. Fanyeni. Fanyeni tu."

Hiyo ilikuwa Aprili.

Yellow walikuwa na sheria ya pakiti mbili kwa kila mteja kwa vitu vya ofa. Sisi tulikuwa tisa. Kila asubuhi tunaenda kabla ya kufungua duka, kila mtu na mfuko wake, tunajifanya hatujuani. Tunalipa, tunatoka, tunazunguka nyuma ya choma ya kuku, tunamwaga kwa mkokoteni, tunarudi tena.

Watu wa choma wakatupa jina. Mbogi ya Unga, yaani genge la unga.

Manze, ilishika.

Unga wa nusu kilo kwa karatasi ya kaki. Sukari ya ten. Mafuta unaleta chupa yako, tunakupimia hata ya fifteen bob. Wateja wangu wa migongo wakaanza kunionyesha uso tena. Jioni kulikuwa na foleni hadi nje. Joan alikuwa anaimba kwa till.

Mama Zeinabu akaturudishia robo ya mshahara iliyokatwa. Nikalipa caretaker. Nikanunulia watoto viatu vya mtumba.

Nilifikiri tumepona.

Wiki ya sita nikafika kwa mlango wa Yellow, soja akanyoosha mkono.

Huyo soja anaitwa Mutuku. Si mtu mbaya. Alikuwa ananisalimia kila siku.

"Madam, leo huingii."

"Kwa nini?"

Akaonyesha na kidole. Karatasi imebandikwa kwa ukuta ndani, karibu na mahali pa kuacha mizigo. Picha tisa zimetolewa kwa CCTV. Juu imeandikwa: HAWA WASIUZIWE.

Mimi ndio nilikuwa wa kwanza. Nimefungua mdomo kama samaki.

Tulirudi 46. Ndani ya siku tano shelfu zikarudi mapengo. Depo hawangetupa mzigo bila pesa mkononi, na pesa yote ilikuwa imeingia kwa kadogo. Wateja wakifika wanakuta mizani imekaa peke yake.

"Sasa tutado nini?" Joan akaniuliza. Alikuwa amekaa chini, nyuma ya till, mahali wateja hawawezi kumwona. "Lenah, si wewe ndio huwa na akili zote? Fikiria kitu."

Nikafikiria mimba.

Nilichukua shuka nikaikunja, nikaifunga tumboni, nikavaa dera kubwa ya jirani. Mask kwa mdomo, kitambaa hadi kwa nyusi. Nikatembea na mkono mmoja kiunoni. Mutuku hata alinisukumia mlango. "Pole pole mama," akasema.

Ndani nikachukua pakiti mbili, nikalipa till ya kwanza. Nikaingia choo cha wateja, nikatoa shuka, nikafunga zile pakiti tumboni na leso. Nikarudi ndani tena, nikachukua mbili, nikalipa till ya mwisho. Choo tena. Nikachukua mbili za kubeba kwa mkono, nikalipa till ya katikati.

Siku tatu nilifanya hivyo. Pakiti sita kwa siku. Watu tisa walikuwa wanategemea hizo pakiti sita.

Siku ya nne Mutuku akaniangalia nikitoka.

"Madam, ngoja kidogo. Wewe uliingia na mimba ya miezi minne."

"Eh?"

"Sasa hiyo ni ya miezi tisa. Imekomaa huko kwa sukari ama?"

Watu wakacheka. Nikaongeza mwendo. Mutuku akashika tu kona ya dera, hata hakuvuta na nguvu. Leso ikafunguka.

Pakiti ya kwanza ikaanguka na kupasuka kwa simiti. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikanimwagikia miguuni hadi nikawa mweupe kama jini.

Mtu akapiga nduru, "Amezaa!"

Simu zote zikatoka. Nilijaribu kutoa risiti kwa sidiria niwaonyeshe, na hapo ndio walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nilikuwa naokota unga na mikono, narudisha kwa karatasi iliyopasuka, nauchanganya na mchanga, nalia. Sikuweza kuuacha. Nilikuwa nimeulipia.

Pengine wewe unayesoma uliiona hiyo video. Ilizunguka sana. Ndio mimi.

Wakanipeleka kwa ofisi ya manager.

Nilingoja polisi. Nikaanza kupanga kichwani nani atachukua watoto.

Manager anaitwa Kagiri. Kijana tu, shati jeupe, sauti ya chini. Akafunga mlango, kelele za nje zikapotea. Akavuta kiti.

"Kaa, mama. Umeumia?"

Nataka muelewe hapa, kwa sababu hapa ndio mahali nilianguka, sio kule mlangoni.

Hakuna mtu alikuwa ameniuliza kama nimeumia tangu Wanzala aende.

Nikalia vizuri sasa. Akanipa tishu. Akaita chai ya maziwa na chapati mbili. Nilikuwa sijakula tangu jana yake. Akangoja nimalize. Hakuangalia saa.

"Wewe si mwizi," akasema. "Nimeona risiti. Mimi nimefanya degree ya biashara, lakini hakuna siku nimeona mtu ananunua kwangu na bado anapata faida hatua mia mbili kutoka hapa. Unafanyaje?"

Nikaangalia mlango.

"Sikuulizi kwa ubaya. Watu wa head office wanataka watu kama wewe. Kuna kazi zinakuja. Niambie tu wateja wako wanataka nini."

Nikamwambia.

Nilianza na kidogo. Halafu nikasikia utamu. Miaka kumi na moja, hakuna mtu mwenye tai alikuwa amewahi kuandika kitu nimesema.

Nikamwambia asubuhi ni majani na sukari, hakuna mtu ananunua unga kabla ya saa tisa. Nikamwambia nusu kilo ndio inatoka, robo haitoki, kwa sababu robo haishibishi watoto watatu. Nikamwambia mafuta usifunge kwa karatasi ya nailoni, mwache mteja alete chupa yake, akiona ikijaa anaamini. Nikamwambia kuanzia tarehe kumi na tano watu wanashuka kutoka twenty hadi ten, kwa hivyo pima za ten mapema uziweke mbele. Nikamwambia watu wa kufua wanarudi kutoka Lavington saa ngapi na wanapitia njia gani. Nikamwambia mizani iangalie mteja, sio muuzaji.

Nikachukua kalamu yake nikamchorea kaunta.

Saa nzima. Kagiri alijaza kurasa nne.

Nilipotoka aliniwekea pakiti sita kwa mfuko, bure. "Nitakupigia," akasema.

Nilifika 46 na hizo pakiti. Wanawake wanane wamesimama mlangoni, wameona video.

"Walikufanya nini?" Joan akauliza.

"Wamenionya tu," nikasema.

Joan akanikumbatia na ule unga wote mwilini. Akawa mweupe pia. Akaniambia, "Khai, Lenah, wewe ni simba."

Wiki tatu zilipita. Tulikuwa tunauza chumvi na kiberiti.

Jumatatu moja wanaume watatu wakaingia na tepu ya kupimia. Nilidhani ni kanjo, wale askari wa kaunti. Hawakutusalimia. Wakapima ukuta, wakapima mlango, mmoja akaweka kipande cha mbao kilichopakwa rangi karibu na dirisha, akarudi nyuma kukitazama.

Kilikuwa cha njano.

 Nikajua moja kwa moja. Wamechukua kadogo yangu. Wanaileta hapa hapa.

Mchana Mama Zeinabu akafika. Hakupitia kwa till kama kawaida. Akaniita store ya nyuma, akafunga mlango. Store ilikuwa tupu. Akakaa juu ya jerikeni ya mafuta, hii iliyokauka, na mimi nikabaki nimesimama.

Nilikuwa nimeamua kumwambia. Naapa. Neno lilikuwa kwa ulimi.

Lakini yeye akaanza.

"Lenah, nisamehe."

"Mama?"

"Hii nyumba ni ya marehemu mume wangu, unajua. Nimewapa Yellow. Wataweka duka dogo hapa, la kupimia watu vitu vidogo vidogo. Nilitia sahihi Februari."

Februari.

Yaani wakati sisi tunapanga foleni Aprili, yeye alikuwa ameshauza. Wakati nafunga unga tumboni, tayari. Wakati ninachekwa na Kawangware mzima.

"Ile siku uliniambia tununue kwao nilitaka kukwambia," akasema. "Nikaona macho yenu. Nikasema acha, angalau watakula hiyo miezi mpaka hao watu waingie. Mimi nimechoka, Lenah. Miguu imekufa. Mwanangu Faisal yuko Doha, ananiambia, 'Mathe funga, mimi sirudi kuuza chumvi.' Ningepambana na nani? Nina nini?"

Nikaegemea ukuta.

"Lakini sikuwauza bure," akasema, na akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi. "Skiza. Nilikataa kutia sahihi mpaka Kagiri aniahidi kitu. Nilimwambia, wewe una bei, lakini huwajui watu wa hapa. Wanaowajua ni wasichana wangu. Huwezi kupima kadogo bila wao. Wachukue wote tisa. Akakubali. Kwa mdomo, lakini alikubali. Tulipeana mkono."

Nikavuta mikono yangu pole pole.

"Asubuhi ya leo amenipigia simu. Anasema hawahitaji tena. Anasema mambo ya wateja wanayo yote, wameandika, watafundisha vijana wao. Watachukua mtu mmoja tu."

Akaniangalia. Machozi yanateremka hadi kwa mtandio.

"Wameyapata wapi, Lenah? Hicho ndicho kitu pekee tulikuwa nacho. Wamekipata wapi?"

Chai ya maziwa na chapati mbili.

Nilifungua mdomo.

"Sijui, Mama," nikasema.

Akateremka kutoka kwa ile jerikeni. Mama wa miaka sitini na nane, magoti yake mabovu, akapiga magoti mbele yangu kwa simiti. "Nisamehe, binti yangu. Nimewapoteza nyinyi."

Na mimi nikamwacha apige magoti.

Nilimwinua baadaye, eh. Nikamwambia nimemsamehe. Hebu fikiria. *Mimi* nikamsamehe *yeye*.

Saa kumi simu yangu ikalia. Nilikuwa nimeshajua ni nani.

"Mama Lenah, ni Kagiri. Nilikuambia nitakupigia."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Mama Zeinabu aliwaambia wote mwenyewe, amesimama kwa kaunta. Aliwaambia habari ya Februari. Alijaribu kuwaambia habari ya ile ahadi, lakini Joan hakumwacha amalize.

"Umetuuza," Joan akasema. "Tulipanga foleni kama mbwa na wewe umeshatuuza. Lenah alivuliwa nguo mbele ya watu kwa sababu yako!"

"Joan, niliomba wawachukue..."

"Uongo! Ulimwomba nani?"

Mama akageuka, akaniangalia. Mimi tu ndio nilijua anasema ukweli. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Lakini hilo neno lingevuta swali lingine, na hilo swali lingine lingenifikia mimi.

Nikaangalia chini, nikawa nakunja aproni yangu.

Joan akatupa yake kwa sakafu mbele ya miguu ya Mama, akatoka. Wengine wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyesema kwaheri.

Hiyo ni miezi kumi na moja iliyopita.

Saa hii ninaandika haya nikiwa lunch, kwa choo cha staff, nimevaa tishati ya njano. Ndio, nilichukua kazi. Mimi ndio yule mtu mmoja. Wenzangu niliwaambia nilipeleka barua kama mtu yeyote, nikabahatika.

Kaunta ni ile ile niliyoichora. Mizani inaangalia mteja.

Vibanda viwili vya jirani vilivyokuwa vinauza kadogo vimefungwa. Baada ya cha pili kufungwa, siku ya tatu, tukaletewa karatasi mpya ya bei. Nusu kilo ya unga leo ni ghali kuliko tulivyokuwa tunauza sisi. Watu wanalalamika. Mimi ndio nawapimia, mimi ndio nawajibu, "Si mimi mama, ni system."

Joan siku hizi anakaa kwa geti za Lavington na wale wa kufua. Siku zingine anapata, siku zingine anarudi na mikono mikavu. Akija kununua namwongezea kidogo kwa mizani. Ananiambia Mungu akubariki. Nikiingia nyumbani siwezi kula.

Mama Zeinabu bado yuko Makina na kale kaduka ka kwanza. Nasikia wale wanawake wakipita hapo wanaangalia pembeni. Mmoja alimtemea mate mlangoni wakati wa Idi. Hajawahi kujitetea. Bado ananitumia salamu na watu. "Mwambieni Lenah ninamwombea."

Wengi mtaandika huku chini ati mkubwa huwa anameza mdogo, ndio dunia. Ni kweli, Yellow walikuwa na nguvu kuliko sisi. Lakini hawakutumia hata nguvu zao. Mama aliuza kuta kwa sababu alikuwa amechoka. Mimi niliuza yaliyokuwa kichwani kwa sababu mtu aliniuliza kama nimeumia. Kila mmoja alimficha mwenzake, akidhani anamwokoa ama anajiokoa. Tungeketi sisi tisa na yeye, siku moja tu, tukaambiana ukweli, sijui kama tungeshinda. Lakini hakuna mtu angetununua kwa bei ya chai.

Ukiwa na shida, chunga sana mtu anayekupa kiti na kalamu. Na ukiwa na kosa, liseme kabla mtu mwingine hajalibeba, kwa sababu akishalibeba utaona jinsi linavyomkaa, na utazoea.

Mimi nilikuwa nimeanza kuzoea.

Joan, najua uko kwa hii group. Umeisoma hadi hapa. Kila kitu ni kweli. Mama aliwaombea nyote tisa. Mimi ndio nilimpa Kagiri siri zetu.

Kesho ukikosa kibarua, panda matatu uende Makina ukamsalimie.

Mimi unaweza kuninyima salamu.